Sweta la Mteja

Nyumba ya dobi ina nguo nyingi kuliko nyumba yoyote mtaani, na watoto wa dobi ndio wa mwisho kuvaa nguo iliyopigwa pasi. Hilo halikumshangaza tena Wakili. Alizaliwa humo, kati ya kamba na mabeseni, akajua tangu mdogo kwamba makoti yanayoning'inia sebuleni si ya baba yake na magauni ya hariri si ya mama yake. Wageni waliofika kwa mara ya kwanza walidhani wameingia kwa tajiri. Kisha waliangalia miguu ya wenyeji, wakaelewa.

"Wakili" lilikuwa jina la shuleni. Wenzake wa kidato cha tatu walimpa siku alipomtetea msichana aliyechelewa, akabishana na mwalimu wa zamu mpaka kengele ikalia na mwalimu mwenyewe akachelewa kuingia darasani. Jina likamfuata hadi nyumbani. Baba yake alilipenda. Mama yake alisema ni wakili gani huyu anayeshindwa kesi ya kuosha sufuria.

Ukimsikia akizungumza ungedhani hana wasiwasi duniani. Wapi! Aliogopa hesabu, hasa zile zenye herufi. Aliogopa kuamka akakuta maji yamekatika kabla hajaoga. Aliogopa kuitwa mbele ya darasa siku ambayo ana wasiwasi na sketi yake, na aliogopa kwamba rafiki yake wa dawati angepata rafiki mwingine mwenye simu. Hofu hizi zilimjia kila asubuhi kwa zamu, na kengele ya mstarini ilipolia alikuwa ameshachoka kama mtu aliyetoka kulima. Watu wazima husema wanafunzi hawana shida, kazi yao ni kusoma tu. Watu wazima wamesahau.

Muhula huo, hata hivyo, hofu zote zilikuwa zimesogea pembeni kuipisha moja, nayo ilikuwa sweta. Sweta lake lilikuwa limetoboka viwiko vyote viwili. Mama yake alitia viraka, na viraka navyo vikachoka. Darasani alijizoeza kuketi mikono ikiwa chini ya dawati, mpaka walimu wakamsifu kwa utulivu. Lakini sasa alikuwa amechaguliwa msemaji wa kwanza katika mdahalo na shule ya jirani, na hakuna anayehutubia ukumbi mzima mikono ikiwa chini ya dawati.

"Msemaji ni sura ya shule," mwalimu wa mdahalo aliwaambia. Hakumtazama mtu. Kisha akamtazama Wakili. "Sare kamili. Anayejijua ana tundu, azibe, au aje aketi na wasikilizaji."

Darasa lilicheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaoshukuru kwamba hawakutajwa wao. Wakili naye alicheka, maana usipocheka wanajua ni wewe.

*

Asubuhi ya mdahalo alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha kazi akishona kiwiko. Kila alipovuta uzi, kitambaa kilifunguka mahali pengine. Baba yake alikuwa mezani, pasi ya mkaa mkononi, akimalizia kola ya shati. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini macho yake hayakukosa kitu kilichokunjamana.

"Vaa nione," alisema.

Akavaa.

"Inua mikono."

Akainua. Nyuzi mpya zikaachia, kiwiko kikachungulia nje.

"Ukiongea ni lazima uinue mikono?"

"Nikiishusha maneno hayatoki, baba."

Dobi akaweka pasi juu ya kigae chake. Akaenda kwenye rafu ya nguo zilizokwisha, akachomoa sweta la shule, jipya, rangi yake bado imekoza, akamtupia binti yake.

"Vaa hili."

Wakili hakuvaa. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja ambayo hata mdogo wake, aliyekuwa bado hajui kuhesabu, aliijua: nguo ya mteja haivaliwi, haipimwi, haijaribiwi hata mbele ya kioo. Mama yake aliwahi kujiwekea gauni la bibi harusi kifuani, kujitazama tu, na dobi hakumsemesha hadi jioni. Wakili akageuza ukingo wa mkono wa sweta. Ndani kulikuwa na alama, mishono miwili ya uzi wa njano na mmoja wa kijani. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi, na hii aliijua kama anavyojua jina lake.

"Baba, hili ni la Famasi."

Famasi alikuwa msichana wa darasa lililo jirani na lao, aliyepewa jina hilo kwa sababu wazazi wake walikuwa na duka la dawa. Mama yake ndiye mteja mkubwa wa dobi. Mashuka ya nyumba nzima yalifuliwa hapa, na mapazia, na makoti meupe ya dukani.

"Lilikuja na doa la wino," dobi alisema. "Wino umetoka. Hawalifuati mpaka Jumamosi. Utalivaa leo, jioni nitalifua tena."

"Baba Wakili!" Mama alikuwa ameinuka kutoka kwenye mabeseni, povu likimtiririka hadi viwikoni. "Una akili zako leo?"

"Mtoto wangu haketi na wasikilizaji."

"Mtu akijua je?"

"Nani atajua? Masweta ya shule yote yanafanana. Ndiyo maana yanaitwa sare."

"Basi angalau ukate huo uzi."

Dobi akachukua mkasi. Akapitisha ncha yake chini ya mshono wa njano, akakaza vidole, halafu mkono ukagoma. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kukata uzi wa mteja. Nguo isiyo na uzi juu ya meza yake ilikuwa nguo iliyopotea, na nguo iliyopotea ndiyo jinamizi la kila dobi. Akarudisha mkasi mahali pake.

"Uukunje ndani," alimwambia binti yake. "Hautaonekana."

Wakili alipaswa kukataa. Alilijua hilo. Lakini sweta lilikuwa zito na lenye joto, viwiko vyake vilikuwa vizima, na kwa mara ya kwanza muhula ule aliinua mikono juu bila kufikiri. Akatoka mbio, asije baba akabadili mawazo.

*

Hoja ya siku ile ilikuwa kwamba sare za shule zifutwe. Wakili alipinga.

Alisimama, akamshukuru mwenyekiti, akawashukuru wageni, kisha akainua mikono yote miwili. "Tutazameni," alisema. "Nani kati yenu anaweza kutuangalia hapa akasema huyu ni mtoto wa nani? Huyu baba yake ana gari, huyu baba yake anasukuma mkokoteni? Hakuna! Tukivaa sare tunabaki na vichwa vyetu tu, na vichwa ndivyo tulivyovileta hapa."

Ukumbi ulilipuka. Alikuwa mzuri siku ile, lazima tumpe haki yake. Aliwatania wapinzani bila kuwatukana, akajibu maswali kabla hayajaisha, akawafanya hata walimu wa shule ya jirani watabasamu kwa shingo upande. Mikono yake ilipanda, ikashuka, ikakunjua hewa, na kadiri ilivyopanda ndivyo ukingo wa sweta ulivyokunjuka.

Shule yake ilishinda. Walipotoka ukumbini wenzake walimzunguka, huyu akimpiga bega, yule akimwita Mheshimiwa. Famasi naye alifika. Alimshika mkono wa kulia kumpongeza, halafu hakuuachia.

"Hongera sana," alisema. Aligeuza ukingo wa sweta taratibu, kama mtu anayesoma saa. "Mbona una uzi wetu?"

Wakili akauvuta mkono wake, akaukunja ukingo.

"Nguo zetu zote zina uzi huu," Famasi alisema. Hakupaza sauti. Wala hakuwa msichana mbaya. Alionekana kushangaa zaidi kuliko kukasirika, na baadaye aliapa kwamba alimwambia mtu mmoja tu. Lakini shule haihitaji zaidi ya mtu mmoja. Kabla ya kipindi cha mwisho, Wakili alikuwa amesimama mbele ya mwalimu wa nidhamu, sweta likiwa limekunjwa mezani kati yao.

*

"Hili ni la nani?" mwalimu wa nidhamu aliuliza.

"La Famasi, mwalimu."

"Limefikaje mwilini mwako?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu la kweli lilikuwa fupi: baba amenipa. Wakili alilifikisha hadi kwenye ulimi. Hapo akamkumbuka dobi mwingine, wa nyuma ya soko. Ilivuma kwamba alimwazima bwana harusi suti ya mteja. Hakuna aliyethibitisha, lakini wateja hawakusubiri uthibitisho; walikuja mmoja mmoja kuchukua nguo zao, zingine zikiwa bado mbichi, na sasa dobi yule alibeba magunia ya watu. Wakili alimwona baba yake chini ya gunia. Akamwona mama yake akikausha mikono ambayo haina cha kufua, na mdogo wake anayeulizia chai kila anapofungua macho. Akalimeza lile jibu.

"Nililichukua mwenyewe."

"Baba yako anajua?"

"Hajui."

Mwalimu aliegemea kiti. Alionekana kusikitika kweli, na hilo lilimuumiza Wakili kuliko kama angefoka. "Msichana mwenye akili kama wewe," alisema, akatikisa kichwa, akatuma mtu amwite mzazi.

Dobi alifika akitweta, majivu ya mkaa bado kwenye nyusi. Alikuwa amevaa shati lake la kazini, lenye madoa, na aliingia ofisini akijibana ubavu ili asiguse kitu. Hakuna aliyemwambia aketi, naye hakuketi.

"Mzee, pole kwa usumbufu," mwalimu alianza. "Binti yako amekiri mwenyewe. Ameingia chumba chako cha kazi, ameiba nguo ya mteja wako, ameivaa kwenye shughuli ya shule."

Dobi akageuka kumtazama binti yake. Midomo yake ikaachana. Wakili alimkazia macho na kutikisa kichwa, kidogo tu, ungedhani anafukuza nzi.

"Nataka kujua, mzee. Wewe ulikuwa na habari?"

Nje, mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika wazi kila ulipokwaruza sakafu.

"Ni mtoto mzuri," dobi alisema.

"Sijakuuliza hilo."

"Naomba mumsamehe."

Hakusema uongo, wala hakusema kweli. Alipita katikati. Wakili ndiye aliyemwomba anyamaze, tena kwa kichwa chake mwenyewe, na baba akamtii. Basi kwa nini baba alipomtii, Wakili alihisi kama amezabwa kofi? Hakujua kwamba alikuwa anasubiri baba yake amkatalie mpaka alipoona hakumkatalia.

Adhabu ilisomwa. Ataomba radhi mstarini kesho, mbele ya shule nzima. Ataondolewa kwenye mdahalo. Atakaa nyumbani mpaka mitihani ya katikati ya muhula iishe, na alama zake zitakuwa sifuri.

Njiani baba alitangulia, mtoto nyuma. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao dobi alisimama, bila kugeuka.

"Nitakununulia sweta," alisema.

"La kuvaa wapi?" Wakili alijibu.

Nyumbani mama alisikia yote, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia kimya. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya khanga. "Afadhali imekwenda hivi," alisema, na uso wake ulionyesha jinsi alivyojichukia kwa kulisema. "Tusilitaje tena."

Asubuhi Wakili alisimama kwenye jukwaa la mstarini akasema, "Nimeiba nguo ya mtu. Naomba radhi kwa shule, kwa walimu na kwa mwenye nguo." Alikuwa na sauti nzuri. Hakuna aliyekosa kusikia. Kisha akachukua mkoba wake, akapita katikati ya madarasa yote, akatoka getini.

*

Kukaa nyumbani wakati wenzako wanafanya mtihani ni kazi ngumu kuliko mtihani wenyewe. Wakili alinyunyizia mashati maji, akakunja mashuka, akapuliza mkaa. Mchana, wanafunzi walipita mbele ya nyumba wakirudi, na mmoja wao hakukosa kuropoka.

"Wakili! Una sweta saizi yangu? Nina mwaliko!"

Wengine wakaangua kicheko. Pasi ya dobi ilisimama katikati ya shati. Kila siku ilisimama, na kila siku iliendelea tena, na kila siku Wakili aliisikiliza ikiendelea.

Rafiki yake wa dawati alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni akachezea kamba ya mkoba, akasema mtihani wa hesabu ulikuwa mgumu mno, ni bahati Wakili hakuwapo. Alimaanisha mema. Aliondoka kabla hajakaribishwa kuketi.

Siku moja aliingia Mama Famasi mwenyewe. Kwa kawaida alimtuma mtu, lakini leo alikuja na furushi la mashuka kwa mikono yake, akaliweka mezani, akavuta kiti akaketi katikati ya chumba.

"Nimekuja mwenyewe ili ujue sina kinyongo na wewe," alimwambia dobi. "Watu waliniambia nihame. Nikasema hapana. Huyu mzee ni mwaminifu. Miaka yote hii sijapoteza hata leso."

"Asante, mama," dobi alisema.

"Lakini huyu." Alimwelekezea Wakili kidevu. Wakili alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, bakuli la maji mkononi. "Huyu umweke mbali na rafu. Nakwambia kama dada yako. Mtoto akishakuwa na mkono wa wizi, hauponi. Shule inampotezea muda. Mtafutie kazi za nje, huko shambani, mahali ambapo hakuna kitu cha mtu. Si kweli?"

Mama, aliyekuwa mlangoni, aliinamisha macho. Wakili alitazama bakuli. Wote wawili walikuwa wanamsubiri mtu mmoja.

"Ndiyo, mama," dobi alisema.

Mama Famasi akainuka, ameridhika, akaaga kila mtu isipokuwa mmoja, akatoka.

Dobi akafungua furushi. Akatoa shuka la kwanza, akatafuta ukingo wake. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa moshi, hivyo kazi ya kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa ya Wakili. Alimsogezea sindano bila kumtazama. Wakili akalowesha ncha ya uzi wa njano kwa ulimi, akautunga mara moja, akamrudishia. Mkono wake haukutetemeka. Labda ni hilo lililomshinda baba yake. Alishika sindano ile juu ya shuka kama aliyesahau inavyotumika, halafu ghafla akatoka nje, sindano bado vidoleni, uzi ukimfuata.

"Anakwenda wapi?" mama aliuliza.

Walikimbilia mlangoni. Dobi alikuwa amemkuta Mama Famasi karibu na kibanda cha mshona viatu. Wakili hakusikia kilichosemwa. Aliona tu baba yake akizungumza, kichwa kikiwa chini. Aliona mkono wa yule mama ukienda mdomoni. Aliona mshona viatu akiacha kugonga na kuinua uso.

Mama Famasi alirudi kwa hatua kubwa, akaingia bila hodi, akakusanya mashuka yake mwenyewe. Dobi alitaka kumsaidia kufunga furushi. "Usiguse!" yule mama alisema. Pale mlangoni alisimama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa barabara: "Kumbe baba ndiye! Na mtoto akaachwa achekwe!"

Kabla ya jioni walikuwa wamekuja wengine. Hawakugombana. Walisema tu wana safari, au wamepata mtu wa kuwafulia nyumbani, wakanyoosha mikono. Rafu ilibaki mbao tupu.

"Umemwaga unga wetu," mama alisema. Alisema polepole, bila hasira, na akarudia kwa sababu hakuna aliyejibu. "Umeumwaga wote."

Hasira alikuwa nayo Wakili. "Mimi nilishalipa, baba! Nilisimama mbele ya shule nzima nikajiita mwizi. Nimepewa sifuri. Natukanwa hapa mlangoni kila siku. Nimekuuliza kitu? Nimelalamika? Ilikuwa imeshaisha! Kwa nini useme leo, wakati haisaidii mtu yeyote?"

"Nilisema ndiyo," dobi alijibu.

"Ndiyo nini?"

"Amesema una mkono wa wizi. Mbele yako. Nami nikasema, ndiyo, mama."

Wakili akageuka, akaitazama rafu tupu.

"Kesho tunakwenda shule," baba yake alisema.

"Tutakula nini, baba?"

"Sijui."

Hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Lilimtisha, na wakati huohuo, hakujua kwa nini, kifua chake kikapata nafasi ya kuvuta pumzi.

*

Mkuu wa shule aliwasikiliza hadi mwisho, kalamu ikiwa imelala. Mwalimu wa nidhamu alikuwa kando yake, akitazama viatu vyake.

"Umefanya vizuri kuja, mzee," mkuu alisema. "Nitamrudisha mtoto darasani leo hii. Mitihani tutaona la kufanya. Jambo lenyewe tutalimaliza hapahapa ofisini, kimyakimya, kwa heshima yako."

"Yeye hakusemea ofisini," dobi alisema.

"Samahani?"

"Mwanangu. Alisemea nje, mbele ya wenzake. Naomba na mimi nisemee hapo."

"Mzee, wazazi hawahutubii mstarini. Haijawahi kutokea."

Dobi alisimama palepale, mikono imeshikana mbele. Hakubishana. Alionekana tu kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda leo, na kwa kweli hakuwa napo. Kengele ikalia. Mkuu akamtazama mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa nidhamu akatazama mlango, na hatimaye mkuu akapumua kwa nguvu na kuinuka.

Shule nzima ilikuwa imepangwa uwanjani, darasa kwa darasa. Mkuu alisema kuna mzazi mwenye neno, akampisha. Dobi akapanda jukwaani. Maisha yake yote alikuwa amezungumza na watu walio upande wa pili wa meza, na moshi wa mkaa ulikuwa umemkwangua koo.

"Mimi ni dobi," alisema.

Mstari wa mbele tu ndio uliosikia. Nyuma mtu akapiga kelele, "Hatusikii!" Kicheko kikapita katikati ya madarasa.

"Mimi ni dobi," alisema tena, akajaribu kupaza, sauti ikakatika na kuwa kikohozi.

"Hatusikii!"

Wakili alikuwa ameambiwa asubiri kando, karibu na ukuta. Aliona shingo ya baba yake ikijaa mishipa, na vidole vyake vikitafuta pasi ambayo haikuwapo. Akaondoka ukutani. Hakuomba ruhusa. Akapanda, akasimama ubavuni mwa baba yake, akatazama mstari wa nyuma kabisa.

"Anasema yeye ni dobi."

Kicheko kikakoma.

Dobi akamtazama, kisha akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, ile ya mezani. "Kwa kazi yangu, nguo ya mteja haivaliwi."

"Anasema kwa kazi yake, nguo ya mteja haivaliwi."

"Siku ya mdahalo nilichukua sweta la mteja, nikampa mtoto wangu."

"Anasema siku ya mdahalo alichukua sweta la mteja, akampa mtoto wake." Alilisema kama linamhusu mtoto wa mtu mwingine, maana vinginevyo asingeweza.

"Mtoto alikataa. Nikamlazimisha."

Wakili akamgeukia. "Baba, sikukataa sana," alinong'ona.

"Sema."

"Anasema mtoto alikataa."

Katika mstari wa darasa la jirani alimwona Famasi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta ukingo wa mkono wa sweta lake, anauvuta tu.

"Mlipomuuliza, alijiita mwizi ili mimi nisipoteze kazi," dobi alisema. "Nami nilikuwapo. Nikanyamaza."

"Anasema walipomuuliza, mtoto alijiita mwizi ili baba yake asipoteze kazi." Sauti ilianza kumpungukia. Aliikamata, akaivuta juu. "Na baba alikuwapo. Akanyamaza."

Majivu hayakuwapo leo kwenye nyusi za dobi. Alikuwa amenawa uso vizuri, amevaa shati safi. Alisema neno lake la mwisho polepole, chini kuliko yote.

"Mwanangu si mwizi."

Wakili akafungua mdomo. Akainua mikono, kama alivyozoea, ili maneno yatoke. Hayakutoka. Alijaribu tena, machozi yakamtangulia.

Baba yake akasubiri. Alidhani hakumsikia, akamwinamia na kurudia, kwa sauti ileile ndogo.

"Mwanangu si mwizi."

Kule nyuma, kwenye mstari wa mwisho, hakuna aliyesema hasikii.